Nani Atakula Firigisi ya Babu?

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wakishafunga mabegi kwenda makwao kwa sikukuu, Kampasi ya Solomon Mahlangu pale Mazimbu hubaki mikononi mwa wenyeji. Bodaboda wa getini wanapungua, mama ntilie wanafunga mabanda, na barabara ya kuelekea mabwenini inakuwa ya watoto na baiskeli zao. Majumbani mambo ni kinyume chake. Wajukuu wanaingia kutoka Dar es Salaam, siku hizi wengi kwa treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024, wengine kwa basi mpaka Msamvu halafu bajaji. Ndugu wengine wanateremka kutoka Milima ya Uluguru: wa Mgeta na karoti na kabichi, wa Kinole na mikungu ya ndizi, wa Matombo na viungo vya pilau vilivyofungwa kwenye karatasi ya daftari, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Ukipita nje ya nyumba hizo saa nne asubuhi unasikia kitunguu kikikaangwa na mtu akiulizia chumvi imewekwa wapi.

Katika nyumba moja ya namna hiyo, Krismasi iliyopita, palikuwa na swali ambalo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuliuliza.

Kuku wa sikukuu akichinjwa, firigisi ina mwenyewe. Haiombwi, haigawanywi, na mtoto anayeidokoa jikoni anajua kitakachompata. Ni ya baba mwenye nyumba, na akiwepo babu ni ya babu. Katika nyumba hii ilikuwa ya Babu kwa zaidi ya miaka 50, na Babu tulimzika Machi 2024.

Nyumba ni ya akina rafiki yangu, tuliyekaa naye bweni moja sekondari. Nilianza kuja hapa wakati wa likizo nikiwa bado na sare ya shule, na Babu akanipa cheo siku ile ile nilipoingia: mke mdogo. Bibi naye akanipokea kwa jina linaloendana na cheo hicho, mke mwenza, akanikabidhi ufagio. Sikupata nafasi ya kuwa mgeni. Kwa hiyo mama wa rafiki yangu aliponipigia simu katikati ya Desemba hakunialika. Alisema tu, "Mwanangu, mwaka huu usimwachie mke mwenzio kazi peke yake."

Babu alikuwa fundi mwashi. Hakuna jiwe la msingi lenye jina lake, wala picha yake haijatundikwa katika ofisi yoyote, lakini sehemu ya Mazimbu unayoiona leo imepita kwenye mikono yake. Alizaliwa upande wa Matombo, akakua wakati serikali ya kikoloni ikiwashurutisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, kwa mpango wake wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Watu waliona wanafanyishwa kazi ya shuruti kwenye mashamba yao wenyewe, na mwaka 1955 Matombo ikachafuka. Askari waliletwa, damu ikamwagika, na mpango ule haukuinuka tena. Babu alikuwa kijana wa miaka kama 15. Alipenda kusimulia kwamba siku ile aliona magari ya polisi akiwa juu ya mfenesi, na kwamba mama yake alimkataza kushuka mpaka giza likaingia.

Alipopata nguvu za kazi aliteremka bondeni kwenye mkonge. Wakati ule ukiandikwa kazi shambani unapewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30, na siku ambayo hukumaliza kata yako haiandikwi. Kwa hiyo mwezi wa Babu ungeweza kuchukua miezi miwili. Miiba ya mkonge ilimwachia makovu kwenye mikono ambayo sisi tulikuwa tukiyahesabu tukiwa tumekaa naye kibarazani. Akauacha mkonge, akajishikiza kwa fundi mmoja wa mjini kama saidia fundi: kuchanganya zege, kubeba karai, kuosha vifaa jioni. Alipokabidhiwa mwiko na timazi vyake mwenyewe, tayari alikuwa na mke na mtoto wa kwanza.

Kisha wakaja Wasauzi.

Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kupinga kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikana, wakapigwa risasi, na vijana kwa maelfu wakavuka mipaka. Chama cha ANC kilikuwa na wapiganaji wake Tanzania tangu miaka ya 1960, na mwaka 1969 kilifanya mkutano wake mkubwa hapa hapa Morogoro. Sasa kikajikuta kimepokea watoto waliohitaji shule kabla ya bunduki. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania ikakipa shamba la mkonge lililokuwa limetelekezwa, Mazimbu. Jina la Anna Abdallah, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro wakati huo, linatajwa mpaka leo kwa namna alivyolishughulikia jambo hilo. Ujenzi ulianza mwaka uliofuata. Solomon Mahlangu, mpiganaji wa chama hicho, aliponyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na miaka 22, shule ikachukua jina lake, na kifupi chake, SOMAFCO, kikaingia kwenye midomo ya watu wa Morogoro.

Kufikia Agosti 1985, kiongozi wa ANC Oliver Tambo alipoifungua rasmi, pale palikuwa na mji mzima: shule ya msingi na sekondari, kituo cha watoto wadogo chenye jina la Charlotte Maxeke, hospitali iliyojengwa kwa msaada wa marafiki wa Uholanzi, karakana ya samani iliyopewa jina la Vuyisile Mini, na shamba lenye ng'ombe wa maziwa, nguruwe na kuku. Fedha nyingi zilitoka Ulaya, hasa nchi za Skandinavia. Wanafunzi wenyewe walishika majembe na karai. Na Watanzania kwa mamia walijenga, wakapika, wakakamua ng'ombe, wakafua, wakalinda mageti usiku. Babu alikuwa mmoja wao, kuanzia kuta za mwanzo mwanzo.

Sasa turudi kwenye ile Krismasi, mkekani.

Chakula kilipakuliwa saa nane mchana chini ya mwembe. Sinia mbili za pilau, nyama ya mbuzi, ndizi, kachumbari, bakuli la kuku, na ndoo ya togwa iliyofunikwa kwa sahani. Mjomba mkubwa, ambaye sasa ndiye mwanamume mkubwa wa nyumba, alisali. Alishukuru kwa chakula, akawaombea wapishi, akawaombea waliokuwa bado safarini, akafika mahali ambapo kila mtu alijua anayefuata kutajwa ni nani. Sauti ikamkwama. Akaruka, akasema Amina.

"Hujamaliza kusali," Bibi akasema.

Mjomba akainamisha kichwa tena, akamtaja baba yake kwa jina lake kamili, la ubatizo na la nyumbani. Ndipo Bibi akavuta bakuli la kuku, akapekua kwa kijiko mpaka akaipata firigisi, akaita, "Mume wangu yuko wapi?"

Aliyekuwa akiitwa ni mtoto wa kaka yake rafiki yangu, mwenye miaka minne, aliyerithi jina la Babu. Tangu azaliwe sijasikia mtu akimwita kwa jina hilo. Mama wa rafiki yangu humwita Baba, mjomba mkubwa naye humwita Mzee na kumpa mkono wa heshima, na Bibi ana lake hilo. Mtoto akaja mbio. Bibi akamwekea firigisi kiganjani, akamwambia, "Kula, mwenye nyumba."

Akatafuna. Akahamishia upande wa pili, akatafuna tena. Firigisi ya jogoo wa kienyeji ni kazi kwa meno ya miaka minne. Mbele ya ukoo mzima, akaitema mkekani.

Hakuna aliyesema kitu. Nilimwona mama wa rafiki yangu ameshika mdomo. Bibi akaiokota, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaanza kucheka taratibu mpaka mabega yakatikisika. "Hata mwenyewe alikuwa anaitema," akasema. "Mnadhani alikuwa na meno? Miaka yote hii ya mwisho alikuwa akiifumbata mkononi. Nyie mkishaondoka, ananipa mimi."

Akaiweka mdomoni akaila.

Nyumba ilipasuka kwa kicheko, na ndani ya kicheko hicho mjomba mkubwa akalia kama ambavyo hakulia msibani. Watoto waliwatazama wakubwa wakicheka na kulia kwa pamoja, wakaona ni jambo linaloruhusiwa, wakaanza maswali. Babu alikuwa hana meno tangu lini? Kwa nini hakusema? Alikuwa anakulaje muwa? Kwa saa nyingi zilizofuata hapakuwa na mazungumzo mengine.

Nimekaa kwenye sikukuu nyingi za familia zilizofiwa, Krismasi na Idi, Bara na Pwani, na mara nyingi nimeona kinyume cha hili. Watu wanamzunguka marehemu. Wanaogopa kutonesha kidonda, wanaogopa kumliza mjane, wanaogopa kuwaharibia watoto sikukuu. Jina linatajwa kwa kunong'ona jikoni, wakati wa kuosha vyombo. Nia ni njema. Lakini nadhani tunakosea, na ningependa nieleze kwa nini nadhani hivyo.

Tunazo njia nyingi za kumkumbuka aliyekufa. Kuna arobaini na hitima kwa Waislamu, kuna misa ya kumbukumbu na Siku ya Marehemu Wote tarehe 2 Novemba kwa Wakatoliki, ambao ni wengi huko Uluguru. Kuna tangazo la kumbukumbu gazetini lenye picha ya pasipoti na orodha ya watoto, wajukuu na vitukuu. Wazee wetu walikuwa na matangazo ya vifo ya Radio Tanzania, ambayo nyumba nzima ilinyamaza kuyasikiliza hata kama haikumjua marehemu. Zote hizi nazithamini. Ila zote zinamtaja mtu akiwa tayari ni marehemu: alizaliwa, aliugua, ametutoka, apumzike. Mahali anapotajwa akiwa mtu, mwenye meno na asiye na meno, mbahili wa sukari, mwenye wivu na firigisi yake, ni kwenye sinia. Sikukuu ndiyo siku ambayo wanaomjua kwa pande zote wanakuwa mahali pamoja: mke anayemjua kama mume, watoto wanaomjua kama baba mkali, wajukuu wanaomjua kama mtu wa peremende. Siku nyingine kila mmoja anabaki na kipande chake.

Kwa Mazimbu, nadhani jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu vipande hivyo ndivyo historia ya mahali pale.

Mjomba mdogo aliingia ndani akatoka na mwiko wa Babu. Nilikuwa nimeuona mara nyingi ukiwa umechomekwa kwenye paa la jiko, sikuwahi kuushika. Mpini wake ulikuwa umebadilishwa, wa sasa ni wa mpera, umelainika kabisa. Bati la chuma lilikuwa limelika upande mmoja tu, likapoteza umbo lake la jani, kwa sababu Babu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Mjomba akatueleza kwamba mafundi wenzake walikuwa wakimlalamikia: akisimama kwenye mstari mmoja nao, viwiko vinagongana, kwa hiyo alipewa kona. Alijenga pembe za nyumba. Na alisema anaweza kuutambua ukuta wake popote, kwa jinsi udongo wa kwenye maungio ya tofali ulivyobanwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Rafiki yangu amepanda ngazi za majengo yale tangu utoto, akiwa mwana wa mtumishi, na hakuwa anajua hilo. Kesho yake tulikwenda wawili, tukainamisha vichwa kwenye pembe za bweni moja baada ya jingine. Kuta nyingi zina lipu na rangi juu yake, kwa hiyo tulichoweza kuona ni kidogo. Lakini nilimwona akiweka kiganja ukutani namna ambayo hakuwa ameweka kabla.

Hadithi nyingine ya mchana ule ilikuwa ya wimbo. Siku ya sherehe moja kubwa, wafanyakazi waliitwa wasimame nyuma ya wanafunzi. Wasauzi wakaanza kuimba wimbo wao wa ukombozi, na Babu akavua kofia haraka, akasimama wima, akijiuliza ni nani aliyewafundisha wageni wimbo wetu wa taifa. Wimbo ni ule alioutunga Enoch Sontonga mwaka 1897, ambao sauti yake ndiyo tunayoimbia "Mungu ibariki Afrika". Hakuna aliyemweleza hivyo. Alirudi nyumbani jioni akamwambia Bibi kwamba wale watoto si wageni, na kwamba kuanzia siku hiyo wakija kuomba maji wasisimamishwe mlangoni. Bibi anasema ndivyo ilivyokuwa. Kuna vijana waliokula ugali na kisamvu chake kila Jumapili, na kuna mmoja aliyekuwa akimsaidia Babu kazi siku za kujitolea, ambaye hakujua kabisa kushika mwiko lakini aliweza kufyatua tofali bila kuvunja pembe.

Mwaka 1990 ANC iliruhusiwa tena Afrika Kusini, Nelson Mandela akatoka gerezani, na vijana wale wakaanza kufunga mizigo. Julai 1992 shule ikafungwa na majengo yote yakakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, yakawa ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Kwa Babu maana yake ilikuwa kazi imekwisha. Kwa kina mama kadhaa wa Morogoro maana yake ilikuwa kubwa kuliko hapo. Wapo walioolewa na Wasauzi wakaondoka nao, wakaanza maisha upya kwenye nchi ambayo hawakuijua lugha wala ndugu. Wapo waliobaki na watoto. Watafiti Arianna Lissoni na Maria Suriano wameandika juu ya wanawake hao katika makala iliyochapishwa mwaka 2014, na namshauri kila anayedhani anaijua historia ya Mazimbu aitafute. Wale watoto waliobaki sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Hao nao wanauliza habari za babu.

Nigusie mazishi, maana yana jambo la Kiluguru ambalo wasomaji wa mbali huenda hawalijui. Kwa Waluguru ukoo hufuata mama. Rafiki yangu, mama yake na Bibi ni lukolo moja, yaani ukoo mmoja. Babu alikuwa wa lukolo ya mama yake na dada zake, huko Matombo. Kwa hiyo alipofariki, wapwa zake waliteremka na hoja yao mkononi: mtu wao arudishwe mlimani, akalale na wajomba zake. Watoto wake nao wakasema baba alishaagiza azikwe Mazimbu. Usiku ule ungeweza kuwa mbaya. Waliouokoa ni watani. Kwa desturi, watani ndio wanaobeba kazi za msiba na ndio wenye ruhusa ya kusema lolote, na mmoja wao, mzee mwembamba mwenye koti refu, akachukua kijiti kwa mkono wa kushoto, akaanza kupima kaburi kwa timazi ya kamba na jiwe, akililia kwamba limepinda na marehemu hatakubali kulala humo mpaka libomolewe lijengwe upya. Waombolezaji walicheka mpaka hoja ikapoteza makali. Asubuhi wapwa walikubali, kwa sharti kwamba udongo kidogo wa Matombo uwekwe kaburini. Ulikuja kwenye mfuko wa sukari.

Ukienda kwenye kaburi hilo, unaweza kupitia makaburi ya Wasauzi. Serikali mbili zinayatambua, viongozi huja na mashada, na tarehe 16 Juni, ambayo tangu 1991 huadhimishwa kama Siku ya Mtoto wa Afrika kwa azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ina maana ya pekee hapo. Wengi waliolala pale walikufa vijana. Wamekuwa mababu wakiwa chini ya udongo wa Morogoro: watoto waliowaacha wamezaa, na kuna wajukuu huko Soweto na Durban na Gqeberha (zamani Port Elizabeth) ambao Krismasi yao nayo ina mtu asiyekuwepo, ambaye hawajawahi kumwona wala kuliona kaburi lake.

Afrika Kusini imekuwa ikiwarudisha nyumbani watu wake waliozikwa ugenini. Moses Kotane na J.B. Marks walitolewa Moscow mwaka 2015. Septemba 2024 walipokewa wapigania uhuru 42 waliofia Zambia na Zimbabwe, miongoni mwao Duma Nokwe, aliyekuwa amelala Lusaka tangu 1978. Habari hiyo ilifika mkekani pia. Mjomba mdogo alisema Mazimbu zamu yake itafika, na itakuwa vibaya kuyaona mashimo. Mama wa rafiki yangu akamjibu kwamba mwenye mtoto ana haki ya mtoto wake. Bibi alisikiliza, kisha akasema wakija wachukue, lakini wasije na majeneza tu wakaondoka siku ile ile. Wakae, wapewe chai, waambiwe huyu alikuwa akipenda nini na nani alimpikia alipokuwa anaumwa. "Mimi nawajua wawili pale," akasema. "Mmoja alikuwa haachi kuimba. Nani atawaambia kwao?"

Sijaacha kulifikiria swali hilo. Nyaraka za SOMAFCO, zile barua, taarifa za shule na mihtasari ya vikao, zilipelekwa Afrika Kusini na zinatunzwa Chuo Kikuu cha Fort Hare, mjini Alice. Ni haki, chama kilikuwa chao. Lakini maana yake ni kwamba mtoto wa Mazimbu anayetaka kusoma habari za Mazimbu katika karatasi za wakati ule lazima avuke nchi kadhaa. Na karatasi hizo hazina habari za firigisi, wala mtu wa mkono wa kushoto aliyepewa pembe, wala nani alivua kofia. Hayo yamo vichwani mwa wazee ambao wengi wao sasa wamevuka miaka 60, wanaoishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye mabweni ambayo vijana wetu wa chuo wanalala kila usiku. Tanzania ndiyo mwenyeji wa mpango wa Bara zima wa kuhifadhi urithi wa ukombozi wa Afrika. Mpango huo ni wa maana, na ningefurahi kuona unawafikia waashi, wapishi na wakamuaji maziwa kwa majina yao. Wakati tunausubiri, kuna nyumba zinazoweza kuanza zenyewe, siku ambayo watu wamekusanyika na nyama ipo.

Nyumba ya akina rafiki yangu imeanza. Aliweka simu katikati ya mkeka ikirekodi, akamwambia kila mtu aseme anachokikumbuka. Ndani ya dakika chache ugomvi ukazuka. Mjomba mkubwa alisema Babu alijenga ukumbi mkubwa. Bibi akakataa: ukumbi ulikuwa wa kundi jingine, Babu alikuwa mabwenini, na hospitalini alipiga lipu tu, tena wiki chache. Mjomba akasema alimpelekea chakula pale kila mchana na anakumbuka mlango. Bibi akasema aliyekuwa akipika na kufunga hicho chakula ni yeye, na anajua alikuwa akikituma wapi. Simu ilirekodi yote hayo, pamoja na mtoto mmoja akiuliza kama togwa bado ipo.

Hawakufikia mwafaka. Kuna mzee mmoja Mafiga aliyekuwa kundi moja na Babu tangu ujenzi unaanza, amevuka miaka 80 na akili yake iko timamu. Wamekubaliana Pasaka wamfuate kwa bajaji, wamzungushe jengo kwa jengo, aonyeshe kwa kidole nani alisimama wapi. Bibi amesema atakwenda naye kwenye bajaji hiyo hiyo, kwa sababu mjomba akiachwa peke yake na yule mzee atamlisha maneno.